Mbwa Mgeni Anayebweka Usiku Kucha: Mwongozo Kamili wa Kumtuliza, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ni yaleyale. Mtu kapewa mbwa mkubwa na jamaa anayehama Uyole, Mbeya, au kamtoa kijijini Rungwe, au kamwokota Mwanjelwa akiwa mifupa mitupu. Kamleta nyumbani kwa moyo mweupe. Usiku wa kwanza mbwa anabweka mpaka alfajiri, wa pili hivyohivyo. Kabla wiki haijaisha jirani kagonga geti, kisha mjumbe kaitwa. Mwisho mbwa anapigwa, anafungwa mnyororo mfupi, au anarudishwa alikotoka.

Wengi hushindwa mahali pamoja: wanaanza na kelele. Mbwa aliyehamishwa hubweka kwa sababu anaogopa, na hofu haiondoki kwa kukemewa. Ukimpigia kelele, anachosikia ni kwamba nawe umeshtuka. Ukimpiga, umeongeza kitu kingine cha kuogopwa, tena kinachokaa naye nyumba moja.

Hapa tunaanza na hofu, kelele zinafuata. Usiruke hatua. Anayekimbilia ya tano bila kupita ya tatu atapoteza bure dagaa wake wa kumzawadia mbwa.

## Vitu vya kuandaa kabla mbwa hajafika

- Banda kavu lenye paa na kuta tatu, mlango ukipa mgongo upepo. Mabanzi ya viwanda vya mbao yanatosha kabisa, na kwa watu wa Mafinga na Iringa si ya kutafuta mbali. Sakafu iinuliwe kidogo kutoka ardhini.
- Matandiko: majani makavu, gunia la katani, au maranda. Maranda yawe ya mbao ambazo hazijatiwa dawa, maana dawa ya mbao huwasha ngozi na pua.
- Kola pana, kamba ya mita 2 ya kutembelea, na kamba ndefu ya mita 8 hadi 10 ya mazoezi.
- Vitafunwa vyenye harufu: usipa au dagaa waliooshwa kuondoa chumvi na mchanga, au maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo sana.
- Turubai au magunia ya kuzibia geti la nondo.
- Kitambaa au gunia alilolalia kule alikotoka. Usilifue. Harufu ile ndiyo kitu pekee anachokifahamu katika nyumba yako.
- Daftari na kalamu.
- Cheti cha chanjo, kama kipo.

Mnyororo mfupi na fimbo havimo kwenye orodha hii. Kama huna uzio na ni lazima afungwe, tandaza waya kati ya nguzo mbili, kamba iteleze juu yake, afike kwenye kivuli, maji na banda. Hakikisha hawezi kuufikia ukuta wa kuruka, maana mbwa aliyeruka ukuta akiwa na kamba hunyongwa.

## Hatua ya 1: Afya kwanza

Mbwa mwenye maumivu habembelezeki. Sikio lenye usaha, minyoo, au homa inayoletwa na kupe humfanya asilale na amfokee kila anayesogea. Mwite daktari wa mifugo, au uulize ofisi ya mifugo ya kata yako, ndani ya siku chache za mwanzo. Omba akague masikio, meno, ngozi na rangi ya ufizi. Ufizi uliopauka au mkojo mwekundu kwa mbwa mwenye kupe ni jambo la siku hiyohiyo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Kampeni za chanjo mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kama mbwa hana cheti, usisubiri tarehe hiyo.

Onyo. Virusi vya kichaa huweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi kabla ya kuonyesha dalili, na chanjo haimwokoi mbwa ambaye tayari ameugua. Kwa hiyo mbwa mgeni ambaye sauti yake ya kubweka inabadilika na kuwa ya kukwaruza, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza au anayeyumba miguu ya nyuma, usimguse. Mfungie alipo na umwite daktari wa mifugo. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa anayeonekana mzima asiuawe kwa hasira: afungiwe na kuangaliwa siku 10, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Neno moja kuhusu chakula, kwa sababu sisi ni watu wa mahindi. Unga au pumba zilizovunda, zile "za kumpa mbwa tu", zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na kumwua kwa kuharibu ini. Mpe ugali wa dona safi na mchuzi wa dagaa au mapafu, usiotiwa vitunguu, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa.

## Hatua ya 2: Safari na kuingia nyumbani

Mlete Ijumaa jioni au mwanzo wa likizo, ili pawe na mtu nyumbani siku zinazofuata. Bajaji na watu wawili, mmoja akimshika kamba, ni bora mara nyingi kuliko kiroba kilichofungwa juu ya bodaboda. Mbwa aliyesafiri ndani ya kiroba anashuka akiwa ameshashtuka, na mwili uliokwisha kushtuka hautulii kwa saa moja. Ndiyo maana usiku wake wa kwanza unakuwa mbaya hivyo.

Mkifika, mwingize kwa kamba, bila vigelegele na bila watoto wa mtaa kujaa getini. Mzungushe uani polepole, mwache anuse. Mwonyeshe maji, kisha banda lenye lile gunia lake la zamani. Basi. Wageni waje wiki nyingine.

Dalili ya mafanikio: anakunywa maji na kukojoa kabla giza halijaingia.

## Hatua ya 3: Siku tatu za kumwacha

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu inaonekana kama kutofanya chochote. Watu wanataka mbwa ajue jina, akae, apeane mkono. Yeye bado anatafuta pa kujificha.

Mwache ajifiche. Usimvute kutoka bandani, usimkumbatie, usimkazie macho. Kwa mbwa asiyekujua, kukaziwa macho ni kutishwa. Nenda ukakae karibu na banda, umempa ubavu, ukimenya viazi au ukisoma simu yako. Mtupie dagaa mmoja bila kumwangalia. Kaa dakika kumi, ondoka. Rudia mara kadhaa kwa siku.

Watoto wapewe sheria tatu na wasimamiwe: hakuna kuingia bandani, hakuna kumgusa akila, hakuna kumkimbiza. Mbwa mwoga aliyebanwa kwenye kona hana njia nyingine isipokuwa meno.

Wafugaji wa nchi nyingi hutumia kipimo cha siku 3 za kupumua, wiki 3 za kuzoea ratiba na miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Ni makadirio tu. Mbwa aliyepigwa sana hukawia zaidi, na mtoto wa mbwa huwahi.

Dalili ya mafanikio: anakula ukiwa karibu, analala ubavu badala ya kujikunja kama aliye tayari kukimbia, na siku moja anakufuata mwenyewe. Usipoona hata moja baada ya siku tatu, ongeza siku.

## Hatua ya 4: Ratiba, na kuziba macho

Chakula asubuhi na jioni, saa zilezile. Matembezi ya haja asubuhi, mchana kama inawezekana, na ya mwisho kabla ya kulala. Mbwa anayejua kitakachofuata hana sababu ya kukesha akisubiri balaa.

Papo hapo, ziba anachokiona. Funga turubai kwenye geti la nondo mpaka juu ya kimo chake, na uhamishe banda kutoka getini hadi nyuma au ubavuni mwa nyumba. Watu wengi huweka banda getini wakidhani mbwa atalinda vizuri. Kwa mbwa mwoga, hiyo ni sawa na kumpangia kitanda stendi ya Kabwe. Kila mwanafunzi, kila bodaboda na kila muuza maandazi anayepita anakuwa tishio. Tena anajifunza jambo baya: akibweka, mtu anaondoka. Mpita njia alikuwa anaondoka hata hivyo, lakini mbwa anaamini ni kazi yake, na kesho atabweka kwa nguvu zaidi.

Kuna desturi ya kumfungia mbwa bandani mchana kutwa ili "awe mkali" usiku. Siikubali hata kidogo. Mbwa asiyeona watu mchana huogopa kila mtu usiku, hubweka upepo na jani, na siku mwizi akija kweli hakuna anayeamka, kwa kuwa mtaa mzima umeshazoea kumpuuza.

Mpe pia kazi ya pua. Tawanya sehemu ya chakula chake kwenye majani ya uani aitafute. Kunusa na kutafuna humtuliza mbwa kuliko kukimbizwa. Mfupa wa kutafuna uwe mbichi na mkubwa. Uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuchana utumbo.

## Hatua ya 5: Kumfundisha kwamba kinachotisha huleta dagaa

Sasa ndipo daftari linapofanya kazi. Kwa siku mbili au tatu andika: saa ngapi alibweka, kuelekea wapi, nini kilikuwepo, kilikuwa umbali gani. Utashangaa. Uliyedhani "anabweka tu" utamkuta anabweka saa kumi na mbili asubuhi watoto wanapokwenda shule, kisha malori yanapopunguza mwendo mteremkoni, kisha mwanaume mwenye kofia. Wanaokaa jirani na barabara kuu ya Tunduma, au karibu na reli ya TAZARA, watakuta sauti nyingi kwenye orodha.

Chagua kitu kimoja, kile chepesi zaidi. Tuseme ni watu wanaopita barabarani.

Jifunze kwanza kusoma mwili wake, maana kubweka huja mwishoni. Kabla yake mdomo unafungwa ghafla, masikio yanalala nyuma, analamba pua, anapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni, manyoya ya mgongo yanasimama. Mkia unaotikisika si furaha kila mara. Ukiwa mgumu, umeinuka juu na unatikisika harakaharaka, huyo amekaza mwili.

Kisha fanya hivi, ukimshika kwa kamba ndefu iliyolegea:

1. Tafuta umbali ambao anaona lakini habweki. Unaweza kuwa mita 10, unaweza kuwa 40. Kama uani ni padogo, nenda kwenye uwanja wa wazi saa ambazo watu ni wachache.
2. Subiri amwone mtu. Akishamwona tu, mpe dagaa, na mwingine, na mwingine, mfululizo, mpaka mtu apite.
3. Mtu akitoweka, dagaa wakome. Usimpe kitu, usimsemeshe sana.
4. Rudia kwa dakika tano, kisha rudini nyumbani. Zoezi fupi mara mbili kwa siku linashinda zoezi la saa nzima.
5. Sogea mita moja au mbili tu baada ya siku kadhaa, akiwa anamwona mtu na kukugeukia wewe akisubiri dagaa.

Mpangilio huo ndio siri yote: mtu kwanza, dagaa baadaye. Wengi hufanya kinyume. Wanamwona mtu anakuja, wanaharakisha kumpa mbwa dagaa "asione". Baada ya siku chache mbwa akiona mkono unaingia mfukoni anajua hatari inakuja, na sasa anaogopa hata dagaa wenyewe.

Akikataa kula, usidhani ameshiba. Mbwa anayependa usipa bandani na kuukataa barabarani anakuambia umbali ni mdogo mno. Rudi nyuma mpaka ale. Akianza kubweka, usimkemee wala usimpe kitu. Geuka naye muondoke taratibu, na mara ijayo anzeni mbali zaidi.

Usijali kwamba "unamzawadia uoga". Hofu haikui kwa chakula. Unabadilisha maana ya kile anachokiona, kutoka hatari kuwa mlo.

Nyumbani, mchague neno moja tulivu, mathalani "basi", na nyumba nzima ilitumie hilohilo, kuanzia bibi hadi dada wa kazi. Akibweka mara mbili tatu, nenda utazame alichokiona, sema "basi" kwa sauti ya chini, subiri anyamaze hata kwa pumzi mbili, ndipo umpe dagaa. Kila siku ongeza kidogo muda wa ukimya kabla ya dagaa.

Dalili ya mafanikio: mtu anapita, mbwa anatazama, kisha anakugeukia wewe. Ukiona hilo mara nyingi mfululizo, chukua kitu cha pili kwenye daftari. Usitarajie ukimya kamili. Mbwa anayebweka mara tatu kwa sababu halafu akanyamaza ni mlinzi mzuri.

## Hatua ya 6: Usiku

Kwanza ondoa baridi. Juni na Julai Mbeya na Iringa si mahali pa kulaza mbwa juu ya saruji, na Njombe usiku majani huganda umande. Mbwa wa manyoya mafupi anayetetemeka atalia, na hakuna zoezi litakalomnyamazisha. Ongeza majani makavu, badilisha yaliyolowa, ning'iniza gunia mlangoni mwa banda.

Wiki ya kwanza mlaze karibu na mnapolala, kwenye veranda au jikoni la nje, asikie pumzi na sauti zenu. Baadaye sogeza malazi kidogokidogo kuelekea bandani. Mlo wa jioni uwe mapema, haja ya mwisho saa nne usiku.

Akilia, jiulize kwanza: ana haja? ana baridi? kuna kitu kweli? Toka kimya, hakiki, mpe nafasi ya kujisaidia, rudi ulale. Ikiwa ni kukuita tu, usifungue dirisha kumfokea, kwa sababu hata kufokewa ni kupata mtu wa kuongea naye. Jua pia kwamba ukianza kutomjibu, usiku mmoja au miwili kelele zitazidi kabla ya kupungua. Wengi huvunjika moyo hapo, wanatoka, na mbwa anajifunza kwamba inabidi kubweka kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo kaongee na jirani kabla ya usiku huo. Nenda na salamu, mwombe radhi, mweleze unachofanya na itachukua muda gani. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia mengi.

Mvua ya mawe na radi. Kuanzia Novemba, bati tupu juu ya banda ni ngoma. Weka mabanzi au tabaka nene la nyasi kati ya paa na mbwa. Radi ikianza mwingize mahali penye kuta, washa redio kwa sauti ya wastani, kaa naye akitaka. Kumfariji ni sawa. Kumfunga kamba nje wakati wa radi ni hatari, kwani mbwa aliyepagawa hujiumiza.

## Hatua ya 7: Kubaki peke yake

Usimwache siku nzima ghafla baada ya wiki ya kuwa naye. Anza kwa kuvunja dalili za safari: shika funguo kisha kaa, vaa sweta kisha endelea kufua. Asipojali tena, toka nje ya geti kwa sekunde kumi, rudi kabla hajalia. Kisha nusu dakika, kisha dakika mbili, kisha moja, kisha tano. Changanya muda mfupi na mrefu, asikae akihesabu kwamba kila safari inazidi iliyopita. Mwachie chakula kilichotawanywa cha kutafuta. Kuaga na kurudi kuwe kwa kawaida, bila shangwe.

Nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Akishaweza kulala nusu saa ukiwa haupo, saa mbili hazitakuwa mbali. Wakati bado unajenga hilo, mwombe mtu wa nyumbani au jirani akae naye unapokwenda kazini. Kila mara anapopagawa peke yake, anarudi nyuma.

Dalili ya mafanikio: mwulize jirani, yeye ndiye shahidi. Au acha simu ya akiba ikirekodi sauti. Kulia kidogo kisha ukimya ni sawa.

## Ukikwama

Rudi hatua moja nyuma, si mwanzo. Mbwa aliyekuwa ametulia akaanza upya baada ya mazishi ya jirani, harusi yenye spika au kuhama nyumba, mpe siku tatu za utulivu kama zile za hatua ya 3, kisha endeleeni.

Usimpe piritoni, dawa za usingizi za binadamu, pombe wala bangi. Paracetamol na diclofenac za nyumbani zinaweza kumwua. Zipo dawa halali za kupunguza hofu kwa mbwa, lakini huandikwa na daktari wa mifugo na hutumika pamoja na mazoezi haya, si badala yake. Mwite daktari ukiona amejing'ata miguu mpaka damu, amevunja meno akitafuna mlango, amekataa kula siku mbili, au amemrukia mtu bila hata kunguruma kwanza. Nenda na daftari lako. Kurasa zile za saa na umbali zitamsaidia kujua aanzie wapi.